Mguu wa Pamba

Sumbawanga,
usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Idrisa,

Ninaandika nikiwa chumba cha mbele, nawe uko chumba cha pili umelikalia sanduku ili lifungike. Nasikia mama yako akikuambia utoe vitabu viwili upate nafasi ya blanketi, nawe unambembeleza. Kwa hiyo salamu sina haja ya kukutumia, na habari za hapa unazo zote, mpaka ile ya kuku aliyechukuliwa na kicheche jana.

Wala sitakuandikia juu ya chakula, kuswali kwa wakati, au marafiki wa kuwaepuka huko Tukuyu. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, na shangazi yako alikuja jana kuyarudia. Ukisahau hata moja, utakuwa umefanya kusudi.

Mimi nataka kusema nawe habari ya mpira.

Najua utashangaa. Ndani ya nyumba hii mimi na wewe hatuutaji mpira, miaka minne sasa. Tukikaa mkeka mmoja tunazungumzia lori la baba yako mkubwa, springi zake na breki zake, kama mafundi wawili waliokutana njiani. Lakini leo mchana tulipokuwa tunakula, baba yako mkubwa alikuuliza huko shuleni watakupa kazi gani zaidi ya kufundisha hesabu. Ukasema wamekuandikia kwamba utashika timu ya mpira.

"Utaishikaje timu, nawe huchezi?" akakuuliza.

"Kucheza siwezi, baba mkubwa, lakini kuchagua nitaweza," ukajibu. "Nitafanya kama baba. Asiyejua nitamwambia pale pale, mbele ya wenzake, asipoteze muda wake. Mimi iliniponya."

Wote mkacheka. Baba yako mkubwa alicheka mpaka ugali ukampalia, mama yako akampiga mgongoni. Mimi nilikuwa natazama bakuli la maharage. Uliniona, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Niliogopa, na mpaka sasa ninapoandika naogopa. Naogopa utakwenda kuwafanyia watoto wa watu kama nilivyokufanyia wewe, na utasema unawaambia ukweli, kwa kuwa mimi ndiye niliyekufundisha kusema hivyo.

Basi acha nikueleze nilivyofika pale. Huenda nikachelewa kufika, maana unajua nikianza habari za zamani sina breki.

Mpira wa kwanza kuugusa ulikuwa wa misheni, maana siku hizo mjini hapakuwa na mwingine. Babu yako hakupenda nikanyage kule, akihofu nitarudi na rozari shingoni. Nilirudi na magoti yaliyochubuka tu. Mpira ule ulikuwa wa ngozi, una kamba za kufungia kama za kiatu, na ukilowa mvua ulikuwa mzito hata kichwa kilikuuma mpaka kesho yake. Padri mmoja wa kizungu, mwenye ndevu na kanzu aliyoikunja kiunoni, ndiye aliyekuwa mwalimu wetu.

Unajua alivyotuchagua? Alitupanga mstari, akapita akituminya mashavu ya miguu kwa vidole. Mwenye shavu nene alikuwa beki. Mwembamba mrefu alikuwa winga. Mwenye miguu kama ya kuku alirudishwa nyumbani kwao, hata kama alitoka mbali. Aliponifikia mimi alinitazama mapaja, akacheka, akaninyooshea kidole kuelekea golini. Nimekuwa gokipa maisha yangu yote kwa sababu ya mapaja yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama napenda kusimama pale. Walioshinda walipewa sukari kidogo kiganjani, tukairamba taratibu isiishe. Walioshindwa walipalilia kabichi zake. Tulimpenda sana padri yule, sitakuficha, na tulicheza kwa nguvu zetu zote. Ila miongoni mwa waliorudishwa kwa miguu yao ya kuku alikuwamo Sefu. Ndiyo, Sefu fundi cherehani, huyu huyu beki ambaye mawinga wa Mbeya wanamwogopa mpaka leo.

Baadaye ikaja vita, nikaenda jeshini. Huko tulikuwa na sajini aliyependa mpira kuliko bunduki. Yeye hakuminya mguu wa mtu. Alitukimbiza tu, jua kali, tukizunguka kambi, na kumi na mmoja waliobaki wamesimama ndio timu yake. Halafu alitutukana. Mwanangu, nimesikia matusi mengi kwenye biashara ya malori, lakini yule mtu alikuwa fundi. Alimtukana mtu kuanzia kisigino mpaka bibi yake, na mtu akaenda akafunga goli kwa hasira. Nikaona, kumbe hii ndiyo dawa. Nikarudi nayo Sumbawanga kama mtu aliyerudi na redio.

Kuna kitu sikukiona wakati ule. Jioni tukirudi hemani sote tulikuwa tumetukanwa sawasawa. Tulikaa tukamwigiza sajini, sauti yake na mwendo wake, tukacheka mpaka tukalala. Hakuna aliyebaki na tusi peke yake. Mimi nilichukua matusi ya sajini nikaliacha hema.

Niliporudi tukaunda timu ya mjini, watoto wa madukani, mafundi, makarani wawili wa Boma, na vijana wa kulima kutoka vijijini. Wakanifanya mwalimu kwa kuwa nilikuwa nimevaa buti za jeshi. Kuchagua wachezaji nilikuwa na njia yangu, nayo uliijua kabla hujajua kusoma. Nilisimama golini mimi mwenyewe. Kila aliyetaka nafasi mbele alikuja na mpira akanipigia. Nilisema miguu ya watu inadanganya na maneno yao pia yanadanganya, ila mikono yangu haidanganyi. Nilijivunia mikono hii kama mizani ya dukani.

Na kwa wengi ilifanya kazi. Nisijishushe mpaka niwe mwongo. Niliwapata vijana wazuri kwa njia hiyo.

Sasa wewe. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kuliko mimi, unatembea kana kwamba miguu umeazima. Mama yako alikuwa na desturi ya kukupeleka Mwazye kwa wajomba zako kila likizo, ukalime nao matuta ya ulezi na ujue Kifipa chako. Ulirudi mweusi kwa jua, mikono migumu, na adabu nyingi hata wateja wa duka letu walikusifia. Mkubwa akikuita ulikunja magoti, ukapiga makofi mawili ya taratibu, ndipo ukaitika. Nami nilifurahi. Mtoto wangu wa mjini ana adabu za Kifipa, nani asifurahi?

Ukaja kiwanjani kwa majaribio. Nilikutaka sana uingie timu ile, nakuapia, nilikutaka kuliko nilivyowahi kumtaka mchezaji yeyote. Na kwa sababu nilikutaka, nikajiambia nisionekane napendelea. Nikawa mkali kwako kabla hujaugusa mpira.

Uliwapita mabeki wawili niliowaweka mbele yangu, hata Sefu alikaa chini. Ukabaki wewe na mimi. Ukauweka mpira mikononi mwangu, polepole, kama mtu anayemkabidhi mgeni maji ya kunawa. Nikasema, "Tena." Ukawapita tena, ukauweka tena mikononi mwangu. Mara ya tatu ikawa vile vile, na vijana pembeni wakaanza kuguna. Pale nikasema maneno yale. Sitaki ujifanye umeyasahau, na mimi sitajifanya. Nilisema, "Huyu mguu wake wa pamba. Mpelekeni dukani akapime chumvi."

Watu wakacheka. Sefu hakucheka, nakumbuka. Wewe ulikunja magoti, ukapiga makofi mawili, ukasema, "Ahsante baba." Ukachukua shati lako ukaenda nyumbani. Tangu siku ile sikukuona tena na mpira.

Na mimi, mwanangu, nilirudi nyumbani nikala vizuri. Nilijiona mwalimu wa haki, asiyependelea hata damu yake. Nilimsimulia mama yako kwa majivuno. Aliondoa sahani kabla sijamaliza kula.

Mwaka ule ule, baada ya wewe kurudi shule ya bweni, tulikuwa tunajiandaa kucheza na timu ya Mbeya. Kila aliyetoka upande wa Mwazye alinitajia kijana mmoja, Leonsi. Walisema anapiga chenga kwa mpira wa matambara katikati ya matuta bila kubomoa hata moja. Nikamwita. Akaja kwa miguu, mkononi mahindi ya kuchoma, mpole, macho chini. Siku hiyo nilikuwa na kifua, kwa hiyo golini akasimama Kasiani, seremala wa Milanzi, gokipa wetu wa pili, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza kanisa.

Leonsi alipewa mpira nikasahau kifua changu. Sijawahi kuona kitu kama kile. Aliwapita watu bila kelele, kama mtu anayetafuta njia sokoni. Akafika mbele ya Kasiani, akasimama. Akautoa mpira nje kwa unyayo, taratibu, akatazama chini. Mara ya pili alimpasia mwenzake aliyekuwa mbali kabisa na goli. Mara ya tatu nikamfokea kwa sauti ya sajini, "Unaogopa nini, wewe? Rudi kwenye ulezi wako!" Akapiga makofi mawili, akaaga wakubwa mmoja mmoja, akaondoka. Tulicheza na Mbeya bila yeye. Mapumziko yalipofika niliwatukana vijana mpaka mate yakanikauka. Waliingia kipindi cha pili wamekunjamana kama nguo zilizonyeshewa, tukafungwa vibaya.

Miezi michache baadaye nilikwenda na lori Mwazye kuchukua mahindi. Jioni wakawa wanacheza, Mwazye na kijiji cha jirani, na Leonsi alikuwa akipiga goli baada ya goli. Mguu wake ulisikika mpaka huku tulikokuwa tunapakia. Karibu yangu alikuwa amesimama mama yako mdogo Fides. Unamjua shemeji yangu huyu, mdomo wake hauna mlango. Nikamwambia, "Shemeji, kijana wenu ana mguu, lakini mjini aliogopa."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa chumvi yenye mchanga.

"Aliogopa nini, shemeji? Golini ulimweka nani?"

"Kasiani."

"Kasiani gani? Kasiani mdogo wake baba Magdalena?"

"Sijui ni mdogo wa nani. Kasiani seremala."

"Basi ni huyo huyo! Leonsi amemwoa Magdalena. Kasiani ni mkwe wake! Mwaka juzi amepiga magoti mbele yake akiomba mke. Amelima shamba la ukoo wao. Wewe unataka ampige mkwewe mpira wa kifua, watu wanatazama?" Akacheka mpaka akashika kiuno. "Loo, shemeji, macho yako ya dukani hayo, yanaona bei tu."

Nikasema, "Kwa nini asiseme?"

"Ungemwuliza angesema. Ulimwuliza?"

Sikumwuliza, ni kweli. Nikabaki nimeshika gunia. Nilitaka kumwambia kitu cha kumrudishia utani wake lakini yeye alikuwa hajamaliza. Aliacha kucheka, akasema kwa sauti ya chini, "Na Idrisa naye ulimsimamia golini mwenyewe. Dada aliniambia. Mtoto tumemfundisha hapa kwamba mkubwa hapitwi mbele bila kuombwa radhi, na baba hatupiwi kitu, anapewa kwa mikono miwili. Akakupa. Wewe ukamwita pamba."

Mwanangu, niliendesha lori kurudi Sumbawanga usiku ule na sikumbuki barabara.

Niliyafanya marekebisho upande wa timu, na hayo ulisikia watu wakiyasimulia. Nilikwenda kwa Leonsi nikamwomba radhi, nyumbani kwake, mkewe akisikia. Tangu siku ile, kabla ya majaribio yoyote, tunakaa chini kwanza, kila kijana anasema ni wa ukoo gani na kati ya waliopo nani ni mjomba wake, nani mkwe wake, nani amemzidi jando au shule. Makarani wa Boma walinicheka, wakasema naandikisha harusi. Lakini ndipo nikajua kwa nini huyu hampasii yule, na kwa nini yule hamkabi huyu. Leonsi alipoingia timu hakuweza kumwita Kasiani kwa jina akiomba mpira, akapiga makofi mawili. Vijana wote wakaishika hiyo. Mbeya walipokuja walikuta timu nzima inapiga makofi badala ya kupiga kelele, wasijue mpira unakwenda wapi. Tuliwafunga.

Na siku hiyo hiyo, kwa taarifa yako, mimi sikusema neno. Baridi ya Julai ilikuwa imenikaba koo, sauti haitoki hata kidogo. Mapumziko yalipofika nilikaa nao nikawapa chai yenye tangawizi, nikamtazama kila mmoja. Sefu ndiye aliyenifuata, akanong'ona, "Mwalimu, mimi nitukane kidogo, bila hivyo sichezi." Nikamwandikia tusi kwa kidole kwenye vumbi. Akaingia akacheza kama simba. Wengine walicheza vizuri kwa sababu ya kimya. Nilitumia miaka yote ile kumpa kila mtu dawa ya Sefu.

Sasa swali lako nalisikia hata kabla hujauliza. Kama nilijua haya yote, mbona kwako sikuja? Kwa Leonsi nilikwenda, maili zote zile. Wewe ulikuwa chumba cha pili.

Mwanzo nilisubiri urudi likizo. Uliporudi ulikuwa na vitabu, unazungumza habari za hesabu, umetulia, nikasema amesahau, nisimkumbushe. Likizo iliyofuata nikasema ni mtoto tu, litapita. Halafu ukawa mkubwa, nikaona aibu. Kumwomba radhi Leonsi kulikuwa kwepesi kwa sababu Leonsi hakuwa ananiangalia tangu alipokuwa anatambaa. Niliona haya, mwanangu. Baba mzima, buti za jeshi, nikaona haya.

Leo umesema ilikuponya. Huenda ni kweli. Huenda bila neno lile ungecheza mpira, ukaumia goti, ukabaki kupima chumvi kweli. Sasa wewe ni mwalimu, na nikikutaja kwa watu sauti yangu inabadilika yenyewe. Siwezi kujua. Lakini siku ile mimi sikukuponya kitu. Nilikuwa nimeshindwa kukuona, basi, na wewe ukajishonea nguo kwa kipande nilichokuchania. Sifa hiyo ni yako. Usinipe mimi, na tafadhali usiende kuwachania wengine ukitegemea nao watashona.

Naona umechukua kitabu chenye picha za mishale, ya kuonyesha winga apite wapi na beki asimame wapi. Kizuri. Padri alikuwa na vidole vyake, sajini alikuwa na jua lake, mimi nilikuwa na mikono yangu, na kila mmoja wetu alidhani amepata kipimo. Siwezi kukuambia mishale yako itakosea wapi. Itakosea mahali. Siku hiyo, kabla hujafungua mdomo mbele ya wenzake, mvute mtoto pembeni umwulize. Muulize yule anayemkabili ni nani wake. Na huko Tukuyu ni Wanyakyusa, wana adabu zao ambazo mimi na wewe hatuzijui. Kwa hiyo uliza.

Kuna jambo la mwisho, nalo hulijui.

Likizo iliyopita nilikuwa natoka Katandala na baba yako mkubwa, tukasimamisha lori karibu na tanuri la matofali ili injini ipoe. Nikasikia kishindo, kishindo, kishindo. Nikachungulia. Ulikuwa wewe, umevua viatu, na watoto wadogo watatu wanakuokotea mpira. Ulikuwa umechora goli kwa mkaa kwenye ukuta wa tanuri na unapiga kutoka mbali sana. Unapiga pembe ya juu. Kulia, kushoto, kulia. Vumbi la tofali lilikuwa linaruka. Mtoto mmoja akakuambia, "Mwalimu, wewe unajua!" Ukamjibu, "Hapana, mimi mguu wangu wa pamba." Ukacheka, ukapiga tena.

Nilirudi nyuma ya lori nikajificha kama mwizi. Baba yako mkubwa aliponiona machozi nilimwambia ni moshi wa tanuri, na tanuri siku hiyo halikuwa na moto.

Basi ndiyo hiyo barua. Nitampa mama yako akupe asubuhi pamoja na uji. Lori limepangwa kuondoka likishapakia abiria pale kiwanja cha Boma, na unajua abiria wetu, watakuwa wamefika tangu alfajiri na kuku wao na magunia yao, watu wengi. Sefu atakuwapo, anapeleka nguo Mbeya. Kasiani amesema atakuja kukuaga. Nilikusema vibaya mbele ya watu, kwa hiyo nawataka watu wawepo.

Mpira nimeujaza upepo jioni hii. Utaukuta katikati ya kiwanja. Mimi nitakuwa golini. Mama yako anasema nivae koti zito kwa sababu ya kifua, nami nimemwambia ndiyo, lakini sitavaa, litanizuia kuruka. Usije kwangu na makofi mawili asubuhi hiyo. Usikunje magoti. Baba yako ndiye anayekuomba, kwa hiyo adabu ya kunitii itakuwa ni kupiga. Piga kama ulivyopiga ukuta wa tanuri. Ukinifunga, nitasema mbele yao wote neno unalonidai miaka minne, kisha nitakusaidia kupandisha sanduku.

Na ukipiga nje, rudisha mpira upige tena. Nimekwisha kusema na baba yako mkubwa. Lori litangoja.

Mimi baba yako,
Salumu